Keki Niliyoitoa Jozi

Nyumba Na. 3180, Mtaa wa Misonobari,
Duluth, Georgia,
Marekani.
6 Novemba 2023

Mpendwa Dada Chun-rye,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye hapitishi siku bila kukutaja. Goti linaendeleaje tangu baridi ianze huko Cheonan? Shemeji bado anapanda ngazi za sokoni mwenyewe, au sasa anakubali kushikwa mkono? Nasikia kabichi za mwaka huu ni ndogo na ghali. Nakuomba usitie chumvi vichwa themanini kama mwaka jana. Wanao ni watu wazima, wajitengenezee kimchi yao, na mgongo wako si wa miaka arobaini tena.

Picha ya Mama uliyonitumia ilifika salama. Nimeitundika jikoni, juu ya jiko la wali. Kila nikipika ananitazama, na siku hizi macho yake yananipa taabu. Sababu nitakueleza.

Mimi mwilini ni mzima. Presha imetulia na meno mapya yamenikaa vizuri. Gi-hwan na mkewe hawajambo, na mjukuu wangu Da-on yu hai. Nimeandika "yu hai" kwa makusudi, Dada, na ndiyo maana nimechukua kalamu badala ya simu. Kwa masikio yako ungenitaka nirudie mara tatu, na jambo hili sina nguvu ya kulisema mara tatu.

Nilikwambia kwamba wanajenga supamaketi mpya ya Kikorea, pale palipokuwa duka la samani. Ilifunguliwa Jumamosi, tarehe 14 Oktoba. Supamaketi za kwetu si chache huku, lakini hii ilisemekana ina ukumbi wa vyakula wenye vibanda kumi na vinne, na kimoja kinaoka keki za Cheonan zenye kokwa ya jozi ndani, fahari ya mji wetu, papo hapo, kwa mashine ileile ya chuma tuliyozoea kuiona stesheni. Kanisani hapakuwa na habari nyingine mwezi mzima.

Siku hiyo Gi-hwan alikuwa safarini na lori, na mkewe Hye-rim hufanya kazi kliniki ya meno kila Jumamosi. Da-on alikuwa kwangu, kama kila Jumamosi tangu aanze kutembea. Sasa ana miaka saba.

Unajua kwamba mtoto huyu ana mzio wa jozi. Siku nilipokueleza ulicheka, nami nikacheka: binti wa ukoo wa Cheonan asiyeweza kula jozi! Hatukuwa na nia mbaya. Lakini leo nakiri kwamba moyoni sikuamini. Sisi tulikula mahindi yaliyoanguka mchangani, tukala viluwiluwi vya nondo wa hariri kwenye karatasi za magazeti, na hakuna aliyevimba. Niliona ni malezi ya siku hizi, mama wa kufuta kila kiti kabla mtoto hajakaa. Hye-rim alinipa mfuko mdogo wa rangi ya chungwa wenye sindano mbili za dharura, akanionyesha zinavyotumika. Niliitikia kwa kichwa huku nikiangalia supu yangu isifurike.

Tulipofika, maegesho yalikuwa yamejaa hadi kwenye majani. Niliegesha ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa kanisa la Wabaptisti, tukaanza kutembea. Jua lilikuwa kali. Tulipokuwa tunafunga milango Da-on alikuwa amesema, "Bibi, mfuko." Ulikuwa kwenye kiti cha nyuma. Nikamwambia hatukai sana.

Ndani watu walikuwa wamebanana hasa. Wazee wenzangu walikuwa wanasukumana na matoroli kwa ajili ya figili za bure, na mzee Bang wa kwaya yetu, aliyeniambia majuzi kwamba hawezi kusimama dakika tano, alikuwa amekumbatia figili nne. Tulicheka, tukapita. Foleni ya keki ilituchukua dakika arobaini. Harufu ile ya unga na maharage matamu ilinifikia kabla sijaona kibanda, na Dada, nilikuwa tena msichana wa miaka kumi, nimeshika sketi yako, tunangoja treni ya Daejeon.

Nataka ujue kwamba binti muuzaji hakukosea chochote. Aliniambia waziwazi kwamba kila keki ina jozi ndani na mwenye mzio asiguse. Nikamjibu kwamba ni zangu peke yangu.

Tulipata meza karibu na kibanda cha supu. Nikala ya kwanza. Da-on alikaa mbele yangu, mikono mapajani, akinitazama. Hakuomba. Mtoto huyo amefundishwa kutoomba, na siku ile jambo hilo liliniuma. Nilimwona kama anayenyimwa urithi wake. Nikapasua keki ya pili, nikachokoa jozi kwa ukucha, nikakagua ndani. Yalibaki maharage tu, safi.

"Bibi ameshaitoa," nikamwambia. "Kula."

Aliniuliza kama Mama anajua. Nikamjibu kwamba Bibi alimlea baba yake bila kusoma kitabu. Akachukua kile kipande, akala, akatabasamu. Alikula kwa sababu mkono uliompa ni wangu.

Haikupita muda akaanza kujikuna midomo. Akasema ulimi unawasha. Nikampa maji. Maji, Dada, kama vile amekula pilipili. Kisha shingo yake ikatoka mabaka mekundu, moja likiingia ndani ya lingine, na sauti yake ikawa ya kukwaruza. Alikohoa, akakohoa tena, na katikati ya kikohozi nikasikia filimbi nyembamba kifuani mwake. Nilisimama nikimbilie gari, nikakaa, nikasimama. Kumbeba hadi kule nisingeweza. Kumwacha peke yake nisingeweza.

Mpishi wa kibanda cha supu, mama wa makamo mwenye kofia ya wavu, alitoka nyuma ya masufuria yake. Baadaye nilijua anaitwa Bi Pyo. Alimtazama mtoto mara moja tu.

"Sindano yake iko wapi?"

"Garini."

"Gari liko wapi?"

Nikasema ng'ambo ya barabara. Alifumba macho sekunde moja, bila kunilaumu, kisha akamwambia mwenzake apige simu ya gari la wagonjwa, na yeye mwenyewe akaenda kunyang'anya kipaza sauti kwa wale waliokuwa wakitangaza bei za samaki. Nikasikia sauti yake ikijaa jengo zima, kwa Kikorea, kisha kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika: kuna mtoto hawezi kupumua, mwenye sindano ya mzio aje kwenye ukumbi wa vyakula. Ngoma za ufunguzi zikanyamaza. Watu wote wale, na ghafla nikawa nasikia mashine ya keki peke yake ikigonga.

Da-on alikuwa amenishika kidole, kimoja tu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilikuwa nasema "pumua, pumua," kama vile alikuwa amekataa.

Aliyekuja ni mwanamke wa Kimeksiko, mbio, mkoba wazi, vitu vikimdondoka njiani. Jina lake Graciela. Hakuuliza chochote. Alipiga magoti, akalishika paja la mtoto, akaikandamiza sindano juu ya suruali na kuhesabu kwa lugha yao. Sijui nilingoja kwa muda gani. Ile filimbi ilianza kuwa nene, kisha Da-on akavuta pumzi ndefu na kulia. Graciela naye akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa natazama ukucha wangu, uliokuwa bado na chenga za jozi.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuweka kalamu chini.

Hospitali walimweka chini ya uangalizi kwa muda wa saa nne. Hye-rim alikuja na sare yake ya kliniki, uso mweupe kama karatasi. Alimbusu mtoto, akamgusa kila mahali, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa upole kabisa, "Mama, alikula nini?"

Nami nikasema, "Aliokota mwenyewe mezani. Nilikuwa nimegeuka."

Lilitoka lenyewe, Dada. Sikulipanga. Da-on alikuwa kitandani, macho wazi. Alinitazama, nikamwona anaelewa. Kisha akamgeukia mama yake akasema, "Samahani, Mama."

Miaka saba. Akaubeba uongo wangu kana kwamba ni mzigo wa sokoni na mimi ni mzee.

Hye-rim alimkumbatia, kisha akamsema, si kwa ukali, lakini kwa ile sauti ya woga. Wiki ile nzima alimfanya arudie kila asubuhi kabla ya shule kwamba hataokota chakula cha mtu. Mimi aliniomba radhi kwa kunipa mzigo mkubwa. Aliniletea hata supu ya mwani, akaniambia nilale, nimepata mshtuko. Niliinywa supu ile. Kila kijiko nilikihisi kikishuka.

Alhamisi iliyofuata aliniomba nimpokee Da-on shuleni kama kawaida. Nilimpikia wali na yai, chakula anachokipenda kuliko vyote. Alikaa, akashika kijiko, hakula. Akalisogeza yai huku na huku. Nikamuuliza kama hana njaa. Alisema anayo. Kisha, bila hasira, kama anayeuliza saa, akaniambia:

"Bibi, humu umetoa kitu?"

Nilikwenda nikasimama mbele ya sinki, nikafungua maji ili asinisikie.

Hye-rim alipokuja kumchukua nilimwomba aketi. Nilimwambia Da-on abaki. Nilitaka kusimama wima na kusema kama mtu mzima, lakini nikapiga magoti sakafuni mbele yao wote wawili. Hye-rim aliruka, akanishika mabega.

"Mama, inuka. Unafanya nini?"

"Sikugeuka," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyempa. Niliitoa jozi kwa vidole, nikampa. Na mfuko niliuacha garini, naye alinikumbusha."

Mikono yake iliondoka mabegani mwangu. Hakupiga kelele, Dada. Afadhali angepiga. Alikaa, akamtazama mtoto wake, akamuuliza kama ni kweli. Da-on akanitazama kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa. Nikamwambia aseme. Akaitikia kwa kichwa, na ndipo alipoanza kulia, kilio ambacho hakukilia hata hospitali.

Nilimwomba radhi mtoto kwa maneno kamili, kama tulivyokuwa tukimwomba Baba: nimekosa, nimedanganya, nimekuachia ubebe kosa langu. Hye-rim alimvalisha koti. Mlangoni alisema bila kunitazama, "Keki ningeielewa siku moja. Lakini umemwacha siku tano mtoto wangu aamini kwamba nusura ajiue mwenyewe." Akaongeza kwamba Da-on hatabaki nami peke yake mpaka yeye atakaposema. Nikasema sawa. Ilikuwa haki yake.

Gi-hwan alinipigia usiku uleule. Alisema maneno ambayo sitayaandika, na kisha hakupiga tena wiki mbili. Jumamosi zangu zilikuwa ndefu. Nilikwenda mara moja pale supamaketi kumshukuru Bi Pyo, nikamweleza ukweli wote bila kuulizwa. Alinisikiliza huku akikata vitunguu. Akaniambia mama mkwe wake aliwahi kumlisha mjukuu wa miezi miwili asali, ambayo ni hatari kwa kichanga, na kwamba mabibi tunafikiri upendo ni dawa. Sikujua kama ananifariji au ananisema. Alinifungia supu, akakataa nilipe.

Juzi Jumamosi kengele ililia. Alikuwa Hye-rim, na Da-on nyuma yake. Sikuwa nimewatarajia, nilikuwa na aproni iliyolowa. Hakuuliza hali. Aliketi, akatoa sindano ya mazoezi yenye umbo la kalamu, ile isiyo na ncha wala dawa, akaiweka mezani mbele yangu.

"Nionyeshe," akasema.

Mara ya kwanza niliishika kichwa chini. Akaigeuza mkononi mwangu, akasema tena. Nikajichoma pajani mara ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipoitoa haraka, Da-on alisema, "Bado, Bibi. Mpaka tatu," akahesabu kwa sauti. Nilirudia mara ishirini. Picha ya Mama ilikuwa inatutazama, nami nikaitazama.

Kisha walikula. Hye-rim mwenyewe ndiye aliyepakua, kutoka sufuria yangu, baada ya kuuliza kila kilichomo, nami nikataja kila kitu hadi chumvi. Da-on alimaliza bakuli.

Walipoondoka hakusema amenisamehe. Hakusema Jumamosi ijayo iweje. Lakini nilipokwenda kufunga jokofu niliona juu yake kuna mfuko wa rangi ya chungwa, mpya, wenye sindano mbili za kweli, na kibandiko chenye mwandiko wake: "Za nyumbani kwa Bibi." Nimekaa mbele yake tangu juzi. Sijathubutu kumpigia kuuliza maana yake.

Kwa hiyo, Dada, mwaka huu usinitumie lile sanduku la keki za jozi unalonitumia kila mwaka. Na usiniandikie kwamba haikuwa kosa langu. Niandikie tu kama ulivyokuwa ukinisema zamani, nikikukosea.

Nisalimie Shemeji, na mwanao Sang-gu na mkewe, na Shangazi Bun-nam kama bado anakumbuka mimi ni nani. Mungu alitunze goti lako na pumzi za wote walio chini ya paa lako, moja baada ya nyingine.

Mdogo wako akupendaye na asiyekuficha kitu,
Deok-sun