Koleji Iliyoanza Kwenye Kiwanda cha Siagi

Ontario, Kanada, 3 Machi 2008

Kwa Baba,

Natumai u mzima, na goti la Mama limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila nina hasira.

Ijumaa niliitwa na mkuu wa koleji. Mezani pake palikuwa na barua yako. Umemwomba aandike, kwa muhuri, kwamba hapa ni chuo kikuu, ili isomwe kanisani Uthiru. Baba, ulifikiria nini? Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Amenipa kitabu cha historia ya koleji nikutumie. Kisome kabla hujaniaibisha tena.

Binti yako,
Wangui

Uthiru, 29 Machi 2008

Kwa binti yangu,

Sisi hatujambo, goti bado. Kitabu nimekisoma. Mwaka 1967 mlianzia ndani ya kiwanda cha siagi kilichofungwa, wanafunzi themanini, mashine tatu za kuchomelea vyuma. Leo ni wanafunzi elfu tisa, na serikali yao bado inaiita koleji.

Huko ni huko. Hapa ukitaja koleji, mtu anawaza chumba kimoja juu ya duka la misumari River Road, Nairobi mjini. Kanisa lilikuombea safari nikiwa nimeshasema chuo kikuu. Unataka nijikane mbele ya Mzee Odero pale kanisani? Usinifundishe adabu.

Baba yako

Ontario, 20 Aprili 2008

Baba,

Hamjambo? Salamu leo ni hizo tu.

Nani alinifundisha kuchomelea? Wewe, mwalimu wa koleji ya umma miaka ishirini na saba. Serikali ilipoigeuza na kuandika "Chuo Kikuu" langoni, walifunga karakana yako na kuuza mashine kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu Dagoretti. Uliapa hutalitamka jina hilo. Sasa unalitaka kwenye karatasi yangu?

Sitaandika tena mpaka useme ukweli pale pale uliposemea uongo.

Wangui

Uthiru, 17 Agosti 2008

Kwa binti yangu,

Natumai u mzima, maana miezi minne sijui. Mama yako hajambo. Ananipikia lakini hanisemeshi.

Leo wakati wa matangazo nilisimama. Nikasema binti yangu yuko koleji, anasomea kuchomelea, kazi ya baba yake. Odero akaguna. Nikamuuliza kama geti lake lilichomelewa na profesa. Mchungaji akaniambia niketi. Sikuketi. Niliwasomea kitabu chako, kuanzia kiwanda cha siagi hadi ukurasa wa mwisho, na ibada ikachelewa kuisha.

Hasira bado ninayo. Kwako kidogo, kwa Odero kiasi, na kwa waliouza mashine zangu, hiyo nitazikwa nayo.

Mwambie mkuu wenu anirudishie ile barua niichane mwenyewe. Nawe uandike.

Baba yako, fundi