Jino la Zamu

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Septemba 1991

Mpendwa Kaka Kitwana,

Shikamoo. Habari za Maskati na joto lake? Kile kifua kimepona, au bado unakunywa maji ya barafu na kujidai umeshakuwa mtu wa huko? Sisi hatujambo sote, Mama na wapangaji wote wa uani, na leo nina furaha mpaka kalamu inashindwa kunifuata.

Kwanza nikutoe hofu: komba wako Zamu yu hai. Natanguliza hilo kwa sababu yanayofuata yangekutoa jasho.

Mwezi uliopita Zamu aliacha kula. Ndizi aliinusa tu, na shavu lake likavimba kama mtu aliyebugia kitumbua kizima. Akawa anashinda amejikunja ndani ya ile kofia yako kuukuu, halii tena. Mama naye akaacha kula. Tangu Baba afariki nawe ukaondoka, jua likizama Zamu akilia, Mama humwitikia, "Naam, mwanangu!" Niliogopa sana, Kaka. Niliona tukimpoteza komba, Mama naye ataugua kwa majonzi.

Zena wa chumba cha mbele alishikilia kuwa ni kijicho cha watu. Akafukiza ubani hadi nyumba nzima tukakohoa, na Zamu akapiga chafya.

Nikamtia kikapuni, mimi na Mama tukaenda naye Upanga kwa Daktari Urmila, yule wa meno ambaye siku hizi nampokelea wagonjwa. Nilidhani atanifukuza. Akavaa miwani, akacheka, "Shadya, leo umeniletea mgonjwa mwenye masikio!" Kisha kicheko kikamwisha. Jino la nyuma lilikuwa limeoza na kutunga usaha. Akamwita bwana mifugo aje kumchoma sindano ya usingizi ili yeye aling'oe, ila alituonya kwamba kiumbe mdogo hivi anaweza asiamke.

Mama alikaa kwenye benchi la wagonjwa, kofia yako mapajani, anasoma dua. Mara tukasikia bwana mifugo anapiga yowe. Zamu alikuwa ameamka na kumng'ata kidole! Mama alipiga kigelegele, na wagonjwa wakaitikia na mashavu yao yaliyovimba.

Daktari akauliza nani anampa sukari. Nikaapa hakuna, maana Mama alishapiga marufuku. Jioni nikawauliza wenzangu uani, kila mtu akainamia sufuria lake.

Unaikumbuka miaka ile ya foleni, sukari mpaka ujuane na mtu? Sasa maduka ya Kariakoo yamefurika peremende, biskuti na jemu za kila rangi. Kumbe kila mmoja alikuwa akimgawia Zamu kwa siri, akidhani ni yeye peke yake. Zena alimpa kashata. Filbert, yule Mngoni anayeuza mitumba Mchikichini, alimnywesha soda. "Dada, namwonjesha tu," akajitetea. "Nchi imefunguliwa, komba naye asionje?" Tulicheka mpaka machozi. Ama kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa Zamu anakula panzi, papai kidogo na utomvu wa mgunga. Adhabu ya Filbert ni kukamata panzi Jangwani, naye huwakimbiza amevaa koti la suti, wapita njia wakidhani amerukwa na akili. Jino Mama alilitupa juu ya bati kama la mtoto, ingawa Daktari alimwambia jingine halitaota.

Aliyekiri mwisho ni Mama mwenyewe, mpiga marufuku. Ile halua uliyomtumia, ukasema ni yake peke yake, hakuionja hata kidogo. Kila jioni alimkatia Zamu kipande, na Zena anasema amemsikia mara nyingi akimbembeleza, "Kula, Kitwana. Kula ushibe, mwanangu."

Kwa hiyo, Kaka, halua usitume tena. Njoo Idd ijayo, ukae mbele yake, ule wewe.

Msalimie sana binamu Sabaha na mumewe. Mama, Zena na Filbert wanakusalimu. Zamu angekusalimu, ila mdomo umejaa panzi. Mungu akulinde ugenini na akufungulie njia ya kurudi.

Mdogo wako akupendaye kuliko Zamu alivyopenda halua,

Shadya