Jina ambalo bibi yako halitaji

Mke wangu mdogo Felista,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mpunga umeiva, bibi yako hajambo, ananifokea tu. Unauliza ufanye nini maofisa wa Kibelgiji wakikunyima kibali cha kuishi Kongo na mumeo, kwa kutoamini kwamba mmeoana.

Baada ya vita vya Maji Maji, nilimleta bibi yako Ifakara kutoka Mahenge. Akida wa Mjerumani, aliyetoa ruhusa kwa wahamiaji, akamuuliza, "Mumeo nani?" Kwetu mke hatamki jina la mumewe, basi akanyamaza.

"Si mumeo. Rudi kwenu!"

Bibi yako akawaka. "Nikirudi, nani atamgeuza huyu akikoroma kama kiboko?"

Akida akacheka, akaturuhusu.

Wewe mtaje mumeo. Wakibisha, waeleze anavyolala. Bibi yako hajanitaja mpaka leo, ila kila usiku ananigeuza.

Babu yako