Hajalipa Koti la Kijivu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimelipa elfu kumi na mbili kwenye ule mkopo wa simu. Nikafungua nione deni limeshuka hadi wapi. Halijashuka! Elfu hamsini, vilevile kama siku niliyokopa. Nikadhani mtandao unasumbua. Nikazima simu, nikawasha. Hamsini.

Nikapiga namba yao. Akapokea msichana mwenye sauti tamu, utadhani anakukaribisha harusini. Kumbe mara zote nne nilizolipa nilikuwa nabonyeza pale palipoandikwa "ongeza muda". Hiyo si kulipa deni, anasema, hiyo ni ada ya kusubiriwa. Mara nne! Elfu arobaini na nane nimewapa bure kabisa. Na siku ya kukopa nilipokea thelathini na tisa tu, nyingine waliikata juu kwa juu, eti gharama za huduma. Huduma gani? Mimi sijaiona.

Nilikopa kwa ajili ya mota ya cherehani. Ya zamani ilitoa moshi nikiwa katikati ya sare za shule, thelathini nzima, na wazazi wananihesabia siku. Ningefanyaje? Baba Watoto sikumwambia. Mdogo wake alinyang'anywa pikipiki kwa mikopo hiihii, na yeye akaapa mbele yangu: mkopo wa simu ukiingia humu ndani, yeye anatoka. Na mume wangu si mtu wa maneno mengi. Akisema, amesema.

Hata hivyo mota inavuma vizuri. Sare nilimaliza, watoto wamevaa. Asante Mungu kwa hilo.

Jumanne, 4 Machi

Sauti Tamu amepiga. Utamu umekwisha. Kufikia Jumamosi saa sita mchana niwe nimelipa hamsini yote, la sivyo wanakuja na gari kuchukua cherehani. Si niliwapigia picha mwenyewe? Fomu yao ilisema piga picha ya dhamana. Nami nikaipangusa vumbi kwanza ili itoke vizuri! Mjinga mimi.

Nina elfu nane. Basi.

Baba Watoto amerudi lindoni asubuhi, akanywa chai, akaniuliza mbona macho mekundu. Nikasema nimeshona kitambaa cheusi, kimenichosha. Akalala na soksi zake, hoi. Nilimtazama nikaona aibu.

Kichekesho ni kwamba na mimi nadai. Ukutani, hapa chumba cha mbele ninachoshonea, kuna nguo kumi na saba zimekwisha, wenyewe hawaji. Wengine walishachukua, wanavaa, pesa "nitakuletea". Mimi kudai siwezi. Ulimi unakuwa mzito. Nikikutana nao njiani mimi ndiye ninayeinamisha uso, kana kwamba mwenye deni ni mimi. Ninachofanya ni kuwaandika kwenye simu nisije nikasahau, kila mtu na nguo yake. Hajalipa Koti la Kijivu. Mwalimu Suruali Mbili Nusu Pesa. Kiuno 52 Mkorofi. Majina yao ya kweli wengi siyajui hata.

Jumatano, 5 Machi

Nimeumbuka. Nimeumbuka!

Saa mbili asubuhi jirani muuza mayai kaingia, simu mkononi, hata hodi hakupiga. Akanisomea: "Habari JIRANI MAYAI MDOMO MPANA. Fundi cherehani mwenye namba hii ni mdaiwa sugu. Mwambie alipe deni lake." Wameingia kwenye namba zangu zote. Wametuma kwa watu wote sitini, na kila mtu wamemwita kwa jina lilelile nililomwandika mimi!

Nikatamani ardhi ipasuke. Jirani akauliza, mdomo mpana ndiye mimi? Akaketi juu ya marobota ya vitambaa, akacheka mpaka machozi. Halafu akaniuliza taratibu nadaiwa ngapi. Nikamwambia. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Kifua kikawa chepesi, sijui niseme vipi. Ametoka akaniachia mayai sita. Mungu ampe maisha marefu, na mdomo wake huohuo.

Sasa Baba Watoto. Namba yake si imo humohumo? Kaamka saa tisa, kapiga pasi sare yake, kaondoka kwenda kazini. Hakusema neno. Betri ya simu yake imechoka, inawaka akiichomeka tu kule kwenye kibanda cha geti. Labda ujumbe haujaingia. Ee Mungu, usiingie.

Alhamisi, 6 Machi

Siamini ninayoyaandika.

Nilifungua duka nikijua leo ni kuchekwa. Mtu wa kwanza kuingia: mwenye koti la kijivu. Karani wa benki huyu, tai shingoni. Koti nilimkabidhi miezi mitano iliyopita. Anasema walikuwa kikaoni jana, simu yake iko mezani, bosi wake pembeni, mara kioo kinawaka: "Habari HAJALIPA KOTI LA KIJIVU." Na koti lenyewe kalivaa! Bosi kasoma, kalitazama koti, kamtazama yeye.

Nilijua atanitukana. Hakunitukana. Alitoa kumi na tano yangu, akaongeza mbili. Nikakataa. Akasema usikatae fundi, niachie nilale. Akaondoka mbiombio.

Mchana Mwalimu. Kaleta tisa ndani ya bahasha, kaifunga kwa gundi kabisa. Ameungama kwamba huu ni mwezi wa tatu anazunguka nyuma ya soko asipite mlangoni kwangu. Nikamwambia na mimi nikikuona kwa mbali nilikuwa najificha nyuma ya pazia! Tumecheka wote wawili, watu wazima na akili zetu.

Jioni akaja Kiuno 52 Mkorofi. Uwii. Huyu hadaiwi hata senti, ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda, na kishindo chake kilitangulia mlangoni. Akanyanyua mikono juu: pima! Pima sasa hivi, mbele ya watu! Nikachukua futi kamba. Hamsini kasoro moja. Akageukia wateja: mmesikia? Arobaini na tisa! Nikaomba radhi. Na hilo la mkorofi? akauliza. Nikasema hilo sikulipima, mama. Akaangua kicheko, ukuta ukatikisika. Ameagiza aproni kumi na mbili za wapishi wake, kitambaa analeta mwenyewe, na ishirini taslimu amenitangulizia. Akanishika bega. Aliwahi kukopa kwa haohao, anasema, wakamtumia ujumbe hadi mkwewe.

Nimehesabu mara tatu. Hamsini na nne! Nimekaa chini sakafuni nikalia kama mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Sina muda wa kuandika. Wamekuja kumi na mmoja. Ukuta umebaki mweupe, zimebaki misumari na gauni moja tu. Mmoja kalipa na kunisema vibaya mbele ya watu, ana haki. Mmoja kaniomba nimwandike upya kwenye simu, jina lake kamili. Nimewaandika wote upya. Nimewauliza majina, mmojammoja. Miaka sita nawashonea!

Thelathini na moja zaidi.

Baba Watoto kaona ukuta. Kasema nguo zimechukuliwa. Nikasema ndiyo. Kasema vizuri. Akaendelea kufunga kamba za viatu, anafunga, anafungua, anafunga tena. Akatoka.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne Mwalimu na jirani wa mayai wamekuja kunisimamia. Mwalimu kavaa miwani, kanisomea kila neno kabla sijabonyeza. Hapa "ongeza muda", usiguse. Hapa "lipa deni lote", haya bonyeza. Nikabonyeza. Sifuri! Jirani kapiga vigelegele, watu wa ng'ambo ya barabara wakachungulia kuona kuna nini.

Hata dakika mbili hazijapita, ujumbe: hongera mteja wetu bora, sasa unaweza kupata laki nzima, bonyeza hapa. Wana nyuso kavu hawa! Jana mdaiwa sugu, leo mteja bora. Nimeiondoa programu yao yote simuni.

Saa sita nilisimama mlangoni kuangalia gari. Halikuja. Nimeitia cherehani mafuta, nikashona aproni nne mfululizo, naimba. Imebaki thelathini na tano. Sijaigusa. Nashukuru. Nashukuru mpaka nashindwa nianzie kwa nani. Waliotaka kuniaibisha ndio wamenidaia madeni yangu. Na watu, jamani, watu ni wema kuliko nilivyokuwa nikiwahesabia.

Limebaki moja. Kesho akirudi namwambia. Siwezi kuwaambia watu sitini nikamficha aliye kitandani kwangu. Akitoka, basi na atoke. Lakini asitoke.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia. Kaingia saa moja na nusu, hata kofia hajavua. Nikamwambia yote, mota, ongeza muda, picha ya cherehani, yote, bila kupumua. Nikamwambia nimeshalipa. Nikamwambia nisamehe.

Kasema anajua. Ujumbe aliupata Jumatano asubuhi, akiwa getini, kabla hata jirani hajaja kwangu.

Siku nne! Nikamuuliza mbona hukunigombeza, na ulivyoapa vile? Akatazama viatu vyake. Akasema ngoja nioge kwanza, nikitoka nina neno. Akachomeka simu yake hapa kwenye meza ya kukatia, akaingia bafuni.

Anaoga muda mrefu leo. Mimi naandika tu nikimsubiri. Nilijiambia kimya chake ni huruma, nikamshukuru Mungu kwa mume mpole. Sasa sijui ni

Simu yake imeita. Nimeitazama. Hakuna jina, ni namba tupu. Naijua hiyo namba. Wiki nzima imenikosesha usingizi.

Nimepokea. Sauti ileile, tamu, ya harusini. Anamwomba mwenye simu. Nimesema mwenyewe anaoga, mimi ni mkewe, ongea na mimi. Anadaiwa ngapi?

Kasema nisubiri, anatazama. Masikini mume wangu, kufunga na kufungua viatu kote kule! Asante Mungu ile thelathini na tano sikuitumia. Nasubiri, simu sikioni, kalamu mkononi. Maji bafuni yamenyamaza.