Bakuli la Baba Lililopasuka Darasani

Takaoka, 14 Juni

Kwa dada yangu mpendwa Kinuyo,

Salamu nyingi zikufikie huko Sapporo, wewe, shemeji na mtoto. Natumaini mgongo wako umepona. Sisi huku ni wazima, ila mvua za Juni zimeanza na nguo hazikauki. Nimekaa kuandika, nimesimama, nimechemsha chai, nimekaa tena. Hii ni karatasi ya nne.

Mama ndiye aliyeniagiza nikuandikie. Amekubali kwenda kwenye ile nyumba ya wazee uliyomtafutia mwaka jana, ile iliyomfanya atununie wiki nzima. Amenipa fomu nizitie humu, muhuri wake ameshaupiga, umebaki wako tu. Anasema masikio yamemwisha na anahofia kichwa nacho kinafuata. Ameanza kuwagawia majirani vyungu vyake vya maua.

Chanzo ni lile bakuli la shaba analoligonga kila asubuhi akisali mbele ya picha ya marehemu Baba, ambalo Baba mwenyewe alilisubu kiwandani mwaka uliozaliwa wewe. Tangu Aprili analigonga, anatega sikio, anagonga tena. Siku moja aliniuliza, "Shigeto, hivi hili siku zote linalia namna hii?" Nikamjibu kwamba kwangu ni lile lile. Amekwenda kwa daktari wa masikio mara mbili, na mara zote daktari amemwambia kwamba anasikia kuliko wenzake wote wa miaka themanini. Hapo ndipo hofu ilipozidi. Kama si masikio, basi ni akili.

Mwezi huo wa Aprili ilikuwa zamu yangu ya somo la wazi. Unajua masomo hayo yalivyo, walimu wa shule nyingine wanajipanga nyuma na madaftari, kisha jioni wanakuchambua kama samaki. Nilifundisha sauti katika vitu vigumu. Nilimwaga chumvi juu ya bati, nikapitisha upinde wa fidla ukingoni, chumvi ikajipanga yenyewe ikawa michoro. Nikagonga uma wa sauti mmoja, wa pili ukaitikia bila kuguswa. Wanafunzi walifurahi, lakini wageni hawakuandika kitu, na mimi unanijua, nataka nitazamwe. Nikatoa bakuli la Baba. Nilikuwa nimelibeba ndani ya taulo bila kumwomba Mama. Nikalitia maji, nikazungusha kijiti ukingoni, maji yakarukaruka. Mwalimu mmoja mzee akasema kule nyuma hasikii. Nikachomoa nondo ya chuma kwenye stendi ya maabara, nikaligonga.

Lilitoa sauti ya sufuria, na maji yakaanza kuvuja mezani. Nikawaambia wanafunzi kwa ujasiri kwamba wameona wenyewe, kitu kikipata ufa hakivumi tena. Wageni wakapiga makofi. Jioni yule mzee alinisifu mbele ya wote: "Mwalimu Hayamizu, kukubali kuvunja kitu kizuri hivyo kwa ajili ya wanafunzi, huo ndio ualimu." Nikainama, nikashukuru.

Dada, kesho yake nilinunua jingine la ukubwa ule ule, nikalisugua kwa majani ya chai mpaka likaonekana la zamani, nikaliweka mahali pake. Mama hana ugonjwa wowote. Anasikia sawasawa, na mimi nimemwacha miezi miwili akiamini anapotewa na akili, kwa sababu naogopa kumtazama usoni. Naona aibu hata kula naye.

Fomu hutazikuta ndani ya bahasha. Nimezichana. Mama amekwenda kwa daktari kwa mara ya tatu na atarudi saa sita. Naipeleka barua hii posta sasa hivi, maana ikishaingia sandukuni sina tena pa kujificha. Kisha nitakaa mlangoni nimngoje.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto. Ukipiga simu, usianze na mimi. Mwite Mama, umwambie alisikia vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Shigeto