Ngoma ya Sikio ya Asukulu

Jumatatu, 3 Machi
Niko na miaka makumi nane na moja. Nimepita vita, kolera, mamba ya ziwa kule Ubwari na bibi wawili niliooa. Leo nimeshona nyavu, bavijana wote wakachoka mbele yangu. Mudogo wangu wa tumbo moja, Asukulu, amelala tu. Eti sikio yake inalia ngoma, pu pu pu, inafuata moyo. Muji wa Baraka muzima unakuja kumuangalia. Mi, hakuna anayekuja kuniangalia.

Jumatano, 5 Machi
Infirmie, muuguzi wa hapa, alitaka kutoboa sikio, akizani ni usaha. Dokta akakataza. Ameona ndani kitu chekundu, kinadunda. Ameweka kipimo cha kusikilizia moyo nyuma ya sikio, naye akasikia ile ngoma. Akasema ni uvimbe wa mishipa ya damu. Ukitoboa, damu haisimame. Hajaona mwingine kama huo tangu aanze kazi. Akaita benzake, wakapanga mustari. Kwa sikio ya Asukulu! Wivu imenikaba.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeenda na mi. Nimesema sikio yangu inalia kuliko yake. Dokta akasikiliza: kimya. Akatoa uchafu tu. Asukulu akacheka mupaka akakohoa: “Yaya, kaka yangu, hata maladi ya sikio unataka yangu?”
Namuchukia.

Jumapili, 9 Machi
Wanataka aende Bukavu. Wapige picha ya kichwa, wakate ule uvimbe ungali mudogo. Ukikomaa utakula mufupa, uso utapinda. Lakini kwa jamaa yetu hakuna anayepasuliwa mbele mukubwa wa jamaa hajamupulizia maji ya kinywa kumubariki. Mukubwa ni mi. Asukulu hapande mashua bila maji yangu.
Nimekataa. Angoje.

Jumanne, 11 Machi
Bibi ya Asukulu, Mama Riziki, amekuja na hasira. “Shemeji, unangoja tukuletee maiti ndio upulize?” 
Jioni nimemukuta Asukulu kwa kiti. Nimesimama upande wa sikio ile, nikamutukana tusi kubwa ya utoto wetu. Hakugeuka. Nikarudia. Hakugeuka.
Haikunipendeza hata kidogo.

Jumatano, 12 Machi
Nimepuliza. Maji ya kinywa muzima. Mashua imemupeleka Uvira, toka kule gari mupaka Bukavu.

Jumamosi, 29 Machi
Simu kutoka Bukavu. Wamekata uvimbe wote. Damu kidogo. Ngoma imekwisha, anasikia nusu.
Lupango, uwanja wa nyumba zetu, iko kimya, hakuna anayekuja tena. Watu wanasifu dokta. Sawa, alikata. Lakini nani alifungua njia? Mama Riziki aliona. Na Pasta wetu Ebengo, alikuwa karibu sana, shati yake ikalowa maji yangu.