Mishale Mizito Iko Kwangu, Ami

Ami,

Nakuomba kwa Mungu, haya usimwambie mtu huko uliko, hata nduguyo, baba yangu, ukikutana naye. Hasa baba yangu.

Mishale yako mizito haikuliwa na mchwa. Nilikudanganya.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulinilazia mshale juu ya kidole kimoja, ukaniambia nifumbe macho. "Huu mwepesi, wa tete, wa kufukuzia kima. Huu mzito, wa mkoko, wenye chuma, wa nguruwe. Kima ukimgusa hukimbia. Nguruwe ukimgusa tu, hukugeukia." Nikakosea. Ukawaita wasasi wenzako waje kunitazama. "Karani wetu huyu! Kutwa anapima barua za Serikali kwa mizani, mshale haujui!" Walicheka mpaka mbwa wakabweka.

Kila mliporudi ulinitupia mishale yenye damu ya nguruwe. Niitoharishe mara saba, moja kwa udongo, ndipo nivae kanzu yangu niende ofisini Chake Chake. Ulijua navyotapika. "Vidole vya bibi harusi," ulisema. Mara ya mwisho sikuiosha. Niliificha na damu yake, na ulipoiulizia asubuhi nikaogopa. Nikasema mchwa.

Ungengoja tu siku mbili, uchongewe mingine... Lakini nguruwe walikuwa wanamaliza muhogo wa watu. Ukachukua ya tete. Uliuweka mmoja kidoleni, ukanitazama kitambo. "Huu utamkuna tu," ukasema. Ukaenda.

Wenzako wanasema mshale ulitoka upindeni ukiyumba, ukamning'inia nguruwe begani kama mwiba. Naye akakugeukia. Paja lako, Ami... Mimi ndiye niliyekuosha ile damu ya nguruwe. Mara saba, moja kwa udongo. Sikutapika.

Sasa wanasema Fundi Makame, aliyekuchongea ile ya tete, alikuhusudu, akaichonga vibaya kusudi. Mkeo, Bi Time, alimtoa matangani mbele ya watu. Sheha akamshitaki kwa Mudir wa Serikali, atolewe hapa Wawi. Fundi hajui kusoma. Alinijia ofisini, kofia mkononi. "Mwanangu, niandikie kwa Mudir. Sema ile ilikuwa ya kima, na marehemu alijua. Sema waulize ile mizito iko wapi."

Nilimwandikia kurasa mbili, kwa hati nzuri kabisa. Maneno hayo sikuyaandika. Nilipomsomea, niliyasoma kama yamo. Akalia. Akatia dole gumba, akasema Mungu anilipe.

Juzi amefunga patasi zake kwenye jamvi, yeye na mkewe wakashika njia ya Mkoani, wavuke bahari. Barazani wanasema, "Karani kamwandikia vizuri, maskini, lakini mwenyewe hakuwa na la kujitetea."

Bi Time amenipa upinde wako. Anasema hakuna aliyekupenda kama mimi.

Naahidi kuiosha ile mizito, Ami. Mmoja mmoja, mara saba. Kusema, siahidi. Fundi ameshaondoka, nami nina kazi.

Lala salama. Ukitaka kunifikia, usije ofisini, wala usimtokee Bi Time. Pitia uani. Chumba changu ni cha mwisho, mlango wake haufungi sawasawa. Mishale iko chini ya kitanda, upande wa ukutani. Weka mmoja kidoleni, utaujua. Mimi utanikuta nimefumba macho.